Nyumba Ilipomwita Hinewai

Siku hizi nyumba ya ukoo inajisemea yenyewe. Kwetu sisi Wamaori, nyumba hiyo ni mwili wa babu yetu: boriti ya paa ni uti wake wa mgongo, mapau ni mbavu zake, na picha za marehemu hutundikwa ukutani, kifuani pake. Tangu mafundi waipe sauti, humtambua kila mjukuu kwa hatua na pumzi zake. Wageni wakifika, husalimu wafu kwanza, kisha walio hai. Haijapata kukosea jina.

Leo nimemleta shangazi Hinewai kwenye harusi ya binti yangu. Tulisimama uani tukingoja kukaribishwa. Nyumba ikaanza kuwaita wafu kwa upole, mmoja baada ya mwingine. Jina la mwisho lilikuwa Hinewai.

Watu wote wakageuka kumtazama shangazi.

"Imeharibika hii!" nilifoka. "Aitwe fundi sasa hivi!"

"Hebu tulia, mwanangu," shangazi alisema. "Hukusikia ilivyonitaja vizuri?"

Alivua viatu mlangoni, akaingia ameniegemea. Hakutaka godoro nililokuwa nimemwekea asubuhi karibu na mlango apumzike. Alikwenda kuketi chini ya picha ya mumewe, akapapasa ukuta kando yake, palipokuwa patupu.

"Harusi isiahirishwe," alisema akicheka. "Imeniita tu, haikusema lini."

Nami nikacheka. Ngoma zimeanza, bibi harusi anaingia, watu wote wanamtazama yeye. Mimi nimeketi ubavuni mwa shangazi, nasikiliza pumzi zake, kama nyumba inavyozisikiliza.