Jembe la Bi Pimbi

Nyani alikuwa na ghala la mbegu, ila hakumwamini mtu. Bi Pimbi alipokwenda kumkopa pishi mbili za mahindi, alipe akishavuna, Nyani alidai dhamana. Bi Pimbi hakuwa na kitu isipokuwa jembe lake moja.

"Basi nalichukua hilo," alisema Nyani. "Na tuelewane: halitoki mkononi mwangu mpaka unilipe."

"Tumeelewana, Mzee," alijibu Bi Pimbi, akaenda zake na mbegu.

Mvua ikanyesha siku tatu. Nyani akapita kukagua, akamkuta Bi Pimbi kibarazani anakunywa uji.

"Wewe! Wenzako wanapanda, umekaa tu?"

"Nilime na nini, Mzee? Jembe unalo."

"Si uazime!"

"Kila mtu yuko shambani na lake."

Nyani akatazama mawingu yanavyopungua, akayafikiria mahindi yake. Kumrudishia jembe kabla hajalipwa? Labda afe kwanza. Akashuka nalo shambani mwenyewe, akalima mpaka jioni huku akihema, Bi Pimbi nyuma yake akitia mbegu mashimoni.

"Kumbe kulima unajua, Mzee!"

Mahindi yalikubali, deni likalipwa, jembe likarudi kwa mwenyewe.

Msimu uliofuata Bi Pimbi alikwenda kukopa tena. Nyani, mgongo ungali unamuuma, alisema majembe hataki hata kuyaona. Safari hii dhamana iwe sufuria.

"Hewala, Mzee," alisema Bi Pimbi. "Wanangu hula saa saba mchana. Usichelewe."