Bamba la Motokari ya Bwana Humoud

Rajabu aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, alikuta mkato umeongezeka shibiri nzima. Msumeno ulikuwa umelala palepale alipouacha, juu ya bamba la alumini, lakini meno yake yalikuwa bado ya moto.

Akaugusa tena. Akacheka peke yake kama mtu aliyetekenywa.

Bamba lenyewe lilikuwa nene kama kidole gumba. Lilitoka kwenye ndege mbovu ya vita, Rajabu akalipata kwa mwenye vyuma chakavu Dar es Salaam na kulileta Bagamoyo juu ya magunia ya mchele. Alitaka liwe sakafu ya motokari. Chuma cha pwani huliwa na chumvi, lakini alumini chumvi haiiwezi.

Motokari ilikuwa ya Bwana Humoud, mwenye duka la vitambaa. Injini nzima, magurudumu mazima, ila sakafu ilikwisha kuliwa na kutu, ukikaa ndani miguu yako inagusa chini. Ilikaa uani kwake mpaka kuku wakaifanya yao.

Siku Rajabu alipokwenda kumposa Jokha, binti wa nyumba ile, Bwana Humoud alikuwa ameketi na kaka yake, Mahfoudh. Huyu hakutaka kusikia habari za kijana wa shamba kutoka Zinga. Mahfoudh alikohoa tu, na Bwana Humoud akasema harakaharaka:

"Binti yangu atatoka hapa kwa motokari ile, tena ikitembea. Na iwe kabla Ramadhani haijaandama. Ukishindwa, tusijuane."

Sasa Shaabani ilikuwa ukingoni. Watu washaanza kuulizana habari za vunja jungu.

Basi Rajabu akakata, palepale uani kwa Bwana Humoud. Alumini ni laini, lakini hunata kwenye meno ya msumeno kama ubani uliotafunwa. Unasukuma kidogo, unasimama, unayachokonoa meno kwa msumari, unasukuma tena. Kutwa nzima ya kwanza alipata urefu wa kidole. Mahfoudh akapita na bakora yake, akatazama.

"Kata tu, mwanangu," akasema. "Parapanda ikilia utakuwa umefika nusu."

Lakini tangu siku ya pili, kila Rajabu akienda kuswali na kula kwa shangazi yake, bamba lilikuwa likijikata lenyewe. Na saa hiyo nyumba yote kimya. Bwana Humoud mwenyewe hufunga duka akaingia ndani kulala.

"Jini huyo," alisema Mrisho, rafiki yake aliyekuja kumshikia bamba.

"Jini gani anakata upogo namna hii?" Rajabu akamwonyesha. Mkato wa huyo mgeni ulipinda kama njia ya mbuzi. "Huyu hajapata kushika msumeno tangu azaliwe. Hebu nusa."

Mrisho akanusa. Mkato ulipakwa mafuta ya nazi yenye asumini, yale wanawake wanayopaka nywele, ili msumeno uteleze.

Wote wawili wakainua macho kwenye dirisha la chumba cha uani. Ndimo alimofungiwa mwali, haonekani na mtu mpaka siku yake. Nyuma ya pazia kikapita kicheko.

"Wallahi umepata mke," Mrisho akanong'ona. "Ila siku ukichelewa kurudi nyumbani, kumbuka msumeno anaujua."

Rajabu akasogea ukutani. "Mtoto wa watu," akasema kwa sauti ya chini, "usijiumize mikono. Niachie mimi."

Kule ndani vicheko vikaripuka, cha Jokha na cha mama yake Bi Khairiya, mpaka mmoja wao akapaliwa.

"Sisi hatujaumia, baba," Bi Khairiya akajibu alipopata pumzi. "Wewe nenda zako ukaswali. Na usirudi mbio."

Akaenda. Alitoka akifurahi, akarudi akifurahi zaidi. Akaanza kuongeza na sunna, na nyiradi ndefu, ili ampe mwenzake nafasi. Imamu akamtaja kuwa mfano mbele ya vijana wengine, na Mrisho akalazimika kutoka nje kucheka.

Kitu kimoja tu kilimkata maini. Kila asubuhi alipomwendea Bwana Humoud, "Shikamoo, bwana," mzee aliitikia marahaba mikono yake ikiwa ndani ya mifuko ya kanzu, wala hakuitoa.

"Hata mkono ananinyima," Rajabu akalalamika.

"Umeposa binti yake au mkono wake?" alisema Mrisho. "Kata bamba."

Bamba likakatika. Wakalinyoosha kwa tupa, wakalifunga kwa skrubu, wakawafukuza kuku. Injini ikanguruma, na Mrisho akapiga honi kutoka uani mpaka sokoni na kurudi, wanawake wakimpigia vigelegele kila mlango. Mahfoudh alisimama barazani na bakora yake, motokari ikampita karibu. Safari hii hakukohoa.

Jioni ileile, kesho yake ikitazamiwa mwezi, watu wakakusanyika msikitini. Rajabu akaketi mkabala na Bwana Humoud, magoti yao yakigusana. Mahfoudh alikuwa ubavuni kwa ndugu yake, uso mkavu.

"Peaneni mikono," kadhi akasema.

Bwana Humoud alisita. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni, akaufumbata ule wa Rajabu. Kiganja cha mzee kilijaa malengelenge, mengine mabichi, mengine yamepasuka, na kwenye mikunjo ya vidole kulimeremeta unga mweupe wa alumini.

"Nimekuoza binti yangu Jokha," akasema kwa sauti, akimtazama kaka yake.