Barafu Mpakani

Nyamizi alifika kwenye kizuizi cha mpaka asubuhi, amebeba chupa ya chai iliyojaa barafu. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kisukari ya binti yake, aliyelazwa hospitali ng'ambo.

“Kuna utaratibu, mama,” askari alisema. “Hata ya soda huna?”

“Nauli imenimaliza, mwanangu. Na dawa hii haitaki joto.”

“Basi subiri pale.”

Alisubiri juani, chupa ameifunika kwa khanga. Kila alipoitikisa, barafu iligonga kwa sauti ndogo zaidi. Adhuhuri alisikia maji tu.

Askari alirudi kutoka kula, akainua kizuizi. “Pita, mama. Kwani nani amekuzuia?”

Nyamizi alimshukuru, kwa mazoea. Kisha akavua viatu, mwanamke mzima, akaanza kukimbia.