Kifuniko cha Prosesa

"Utaiua," Shaweji alimwambia mdogo wake.

Sikudhani hakuinua macho. Kompyuta yake ya kuhariri video za harusi ilikuwa wazi mezani, na prosesa yake, ule ubongo wa mashine, ndogo kama biskuti, ilikuwa kiganjani mwake. Kila jua lilipopanda ilichemka ikajizima katikati ya kazi. Shaweji akamwekea sheria: kazi alfajiri tu, mchana mashine ipumzike, naye aingie jikoni.

"Hicho kifuniko wamekiweka waliotengeneza. Wewe ni nani hata ukiondoe?"

"Mimi ndiye ninayekula kwa mashine hii, kaka."

Akapitisha wembe chini ya kifuniko cha chuma, akaikata gundi pembe kwa pembe. Kikabanduka. Ndani, dawa ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama ukoko. Akaifuta, akapaka mpya, akairudisha prosesa mahali pake na kuifungia feni bila kifuniko.

"Shika," akamwekea Shaweji kifuniko mkononi. "Kitunze pamoja na sheria zako."

Jua lilikuwa utosini. Akabonyeza kitufe. Feni ikavuma, bibi harusi akatokea kwenye skrini akicheka. Sikudhani akavuta kiti. Nyuma yake Shaweji alisimama akisubiri mashine ijizime, kifuniko kikizidi kupata joto ndani ya ngumi yake.