Paa wa Marehemu Dhahabu

Jumanne ya tarehe tisa Juni, arubaini ya mkewe Dhahabu, ndipo mambo yalipomharibikia Mzee Badiva. Sheria ilikuwa kila mtu na paa wake msituni. Mtu akifa, paa wake naye huuawa, idadi ya paa isizidi ya watu.

"Mwite paa wa marehemu, mzee," alisema afisa wa wanyamapori, bunduki mkononi. "Ukikataa tutapiga kundi zima."

"Huyu haji kwa kuitwa, huja kwa kanga ya Dhahabu. Nyinyi wakubwa kazi yenu kuhesabu tu."

Akajitanda kanga ya marehemu. Paa akatoka kichakani mbio, akamlamba kiganja. Badiva, mwindaji asiyewahi kukosa shabaha, akamkumbatia shingo.

"Haya, bwana mkubwa, niambie kwanza: kesho nikijitanda kanga hii, atakuja nani?"