Usafi wa Chujio la Tatu

"Mimina yote," meneja wa mtambo wa maji alisema, na fundi akainamisha pipa jingine la klorini juu ya chujio la tatu.

Chujio hilo lilikuwa tangi la zege lenye chenga za mkaa, na kwenye mkaa waliishi bakteria wasio na idadi. Kosa lao lilikuwa kula uchafu wa majini. Walifanya hivyo kwa miaka, bila mshahara, bila likizo, bila kuitisha kikao, na mji mzima ukanywa maji yasiyo na harufu. Meneja alilijua hilo vizuri. Alikuwa na shahada mbili. Alijua pia kwamba makao makuu yalikuwa yakitafuta mkuu wa mtambo mpya ng'ambo ya mto, na hakumfahamu mtu aliyepandishwa cheo kwa kukutwa na vijidudu.

Makao makuu yalikuwa yamepiga simu asubuhi: wageni wanakuja, nao wanataka kuona chujio lenye bakteria wengi kuliko yote. Meneja alielewa neno moja tu: ukaguzi.

"Shemeji, si uwaeleze tu kwamba hawana madhara?" fundi aliuliza huku akikohoa. Alikuwa mume wa dada yake meneja.

"Nimweleze mkaguzi? Wewe, dada yangu ulishawahi kumweleza kitu akakubali?"

Fundi akamimina klorini iliyobaki.

Walipomaliza kuusuuza mkaa, mkemia alichungulia kwenye hadubini na kutangaza kwamba hakuna anayetikisika. Meneja akaenda kubadilisha tai.

Wageni walikuwa mhandisi mmoja, ambaye alikuwa mama wa makamo, na wapagazi wawili waliobeba ndoo tupu zenye vifuniko. Meneja hakungoja kuulizwa.

"Karibu sana, mama. Chujio hili sasa ni safi kuliko chumba cha upasuaji. Hakuna kiumbe hai humo."

"Hakuna?"

"Hata mmoja. Nimesimamia mwenyewe."

Mhandisi aliwaashiria wapagazi waweke ndoo chini.

"Mtambo mpya una mkaa mpya, hauna mdudu hata wa dawa," alisema. "Tulikuja kuchota mkaa wenu, hawa wadudu wakaanze kazi kule." Akamtazama meneja, kisha tai yake. "Na wewe ndiye ungekwenda nao, uwe mkuu wao."