Mwenzake wa Maneno Magumu

"Reluctant," ilisema sauti ya Nasma kwenye simu. "Nipe maana, kisha nitungie sentensi."

Mastura alijibu palepale: mtu mzito kufanya jambo, asiye na hamu nalo. Sentensi yake ilikuwa kwamba mumewe ni mzito wa kula pilipili hata akibembelezwa. Nasma alicheka mpaka akakohoa. Akasema wa kwake naye ndivyo alivyo, akiiona tu anasogeza sahani.

"Wanaume wa Tanga hawa, shoga yangu," alisema, "kama wamefundwa na mtu mmoja."

Mastura alicheka naye. Kisha akaiweka simu kando ya mto, akafuta macho kwa pindo la kanga. Mumewe, Tahiri, alikuwa kaburini. Yeye mwenyewe alikuwa katika eda, ndani ya nyumba yao ya Makorora, asiweze kutoka mpaka siku zake zitimie.

Na eda ni ndefu, jamani. Wakati wa matanga nyumba ilijaa, watu wakala kwa zamu. Baadaye majamvi yakakunjwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe, na wale waliosema "tuko pamoja" wakawa pamoja huko makwao. Alibaki wifi yake tu, aliyeleta mahitaji na kuuliza hali huku mkono umeshika mlango. Mchana kutwa Mastura alisikia majirani wakiteta na kuchekana uani kwao. Alitamani hata wamgombeze yeye, mradi mtu amtaje jina.

Kilichombakia ni mtihani wa kuingia chuo, ule wa watu wazima walioachia shule njiani. Tahiri ndiye aliyemtia moyo. Alimpeleka mwenyewe Nguvumali kwa Mwalimu Zabron wa tuisheni, akamwandikisha, akamwambia, "Ukifeli usiniangalie usoni." Sasa hata akifaulu hakuna uso wa kuangalia. Lakini akifeli, alijua hatajisamehe.

Alipompigia mwalimu kumweleza kwamba amefiwa na hawezi kuja darasani, mwalimu alimpa pole. Halafu akasema yupo mwanafunzi mwingine, wa Chumbageni, naye haji. Angewatumia maneno kila asubuhi, wao waulizane kwa simu.

Ndivyo alivyompata Nasma. Nasma alisema amevunjika mguu, yuko na plasta. Mastura akasema anamuuguza mama mkwe.

Alidanganya kwa sababu kila aliyejua kuwa ni mjane alimsemesha kwa sauti ya hospitali. Nasma alimsemesha kama mtu. Tena kwa Nasma, Tahiri alikuwa mzima. Alikoroma, alilalamikia chumvi, alikunja suruali zake taratibu ili Mastura apate kutumia "meticulous", yaani makini mno. Kila neno gumu lilimrudisha nyumbani kidogo, na Mastura hakuona kwamba kuna dhambi katika hilo.

Siku ya "negligent", yaani mzembe, alisema mumewe hupoteza kila anachopewa. Hakueleza zaidi. Moyoni alikuwa na ile kofia aliyomshonea kwa mkono, tundu kwa tundu, mpaka uzi wa kahawia ukamwishia na dukani ukawa umekwisha, akamalizia upande mmoja kwa wa kijani. Tahiri aliivaa hivyohivyo, akitamba nayo. Kisha akarudi kutoka safari moja kichwa wazi, akasema upepo umeichukua kivukoni Pangani. Alikuwa dereva wa lori, nusu ya maisha yake alilala nje. Mastura alinuna, halafu yakaisha.

Nasma naye alikuwa na ya kwake. Mumewe alijaa katika sentensi zake zote, mara anaimba bafuni, mara amelala na redio inawaka. Kuna siku alikwama katikati ya sentensi, akasema mguu unamuuma, akakata simu. Mastura alimwombea dua baada ya swala.

Eda ikaisha. Wiki hiyohiyo Nasma akaandika kwamba plasta imefunguliwa, alhamdulillahi, mtihani hautampita. Watakutana Jumamosi. Lakini watatambuanaje, na wanawake wote watakuwa na mabuibui meusi? Mastura alisema atabeba mfuko wa njano. Nasma akasema yeye atainua juu kofia ya mume wake, ndiyo baraka yake, haiachi.

Jumamosi Mastura alitoka mapema. Jua lilimuumiza macho, na njia ilimtisha kama mgeni wa mji. Maneno yalikuwa yamejaa kichwani, lakini ukweli ni kwamba alikuwa akienda zaidi kumwona Nasma kuliko kufanya mtihani. Alikuwa ameamua leo amwambie yote.

Nje ya chumba cha mtihani watu walijaa. Kabla hajaanza kutafuta, alisikia akiitwa kwa ile sauti ya kwenye simu. Nasma alikuja mbio, hachechemei hata kidogo, wakakumbatiana kama watu wa tumbo moja. Alikuwa mdogo kuliko Mastura alivyodhani. Mikono yake haikuwa na hina na macho yalikuwa mazito. Mastura alidhani ni mtihani uliomnyima usingizi.

"Mumeo hajambo?" Nasma aliuliza.

Mastura alifungua kinywa aseme kweli. Akashindwa.

"Hajambo. Wako je?"

"Hajambo. Anakusalimu sana." Nasma alicheka, akakumbuka, akakunjua kiganja chake. "Mfuko wako nimeuona mapema, hata sikuwahi kuiinua."

Ilikuwa kofia ya kahawia, imeshonwa kwa mkono, na upande mmoja imemaliziwa kwa uzi wa kijani.